Anga ya Zanzibar Baada ya Machweo: Jinsi Jua Linavyozigusa Setilaiti na Hewa ya Juu

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, dakika chache baada ya saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, wingu la gesi yenye chaji lililorushwa na jua liliupiga uga wa sumaku wa dunia na kuanzisha dhoruba iliyofikia daraja la tano, daraja la juu kabisa katika kipimo wanachotumia wataalamu, ambalo halikuwa limefikiwa tangu mwaka 2003. Watu wa Ulaya, Marekani na hata kusini ya Afrika walipiga picha za mbingu zilizogeuka nyekundu na zambarau. Siku mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 12, intaneti ilizorota Tanzania nzima, Unguja na Pemba zikiwemo, na si ajabu kwamba aliyeziona picha zile aliyaunganisha mambo hayo mawili. Lakini intaneti ilizorota kwa sababu ya hitilafu ya nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom. Chanzo kilikuwa kwenye sakafu ya bahari, si angani.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mkanganyiko huu una pande mbili. Tunalisingizia jua makosa yasiyo yake, na wakati huohuo hatulitambui pale linapotugusa kweli. Habari nyingi kuhusu hali ya hewa ya anga za juu hutoka katika nchi zilizo karibu na ncha za dunia, kwa hiyo msomaji wa Zanzibar hubaki akidhani kwamba mambo haya ni ya wengine. Ukweli ni kwamba visiwa vyetu viko chini ya mojawapo ya sehemu zenye msukosuko mkubwa zaidi katika anga ya juu ya dunia, na msukosuko huo una saa zake na misimu yake, nao huja hata katika siku ambazo jua halikurusha chochote cha kutajwa.

Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na athari zake hutufikia kwa mwendo wa aina tatu. Mwanga, pamoja na eksirei na miale ya urujuanimno, hufika baada ya dakika nane na sekunde kama 20, kwa hiyo vyombo vinapouona mlipuko juani, miale yake imeshafika. Chembe zenye chaji, hasa protoni, zikisukumwa kwa kasi kubwa huweza kufika kabla ya saa moja kupita. Mwisho huja mawingu makubwa ya gesi yenye chaji, iitwayo plazima, ambayo hung'oka juani yakiwa yamebeba uga wa sumaku ndani yake na kusafiri kwa siku moja hadi tatu au zaidi. Wingu la Septemba 1859, ambalo mlipuko wake ulishuhudiwa na Mwingereza Richard Carrington alipokuwa akichora madoa ya jua, yaani sehemu zinazoonekana nyeusi usoni mwake, lilitumia saa 17 na kitu tu, na lilivuruga mitambo ya telegrafu katika Ulaya na Marekani.

Ugumu wa kutabiri uko katika wingu hilo la tatu. Kama uga wake wa sumaku unaelekea kusini, unakabiliana na ule wa dunia na kuufungua, na nishati humiminika ndani. Kama unaelekea kaskazini, wingu hilohilo huweza kupita bila kufanya mengi. Mwelekeo huo haupimiki kwa uhakika mpaka wingu lifikie vyombo vilivyowekwa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, na hapo muda unaobaki ni kati ya robo saa na saa moja. Mengine hujulikana mapema zaidi. Madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11; mzunguko wa sasa, wa 25 tangu kuanza kuhesabiwa, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba jua lilikuwa limeingia katika kipindi cha kilele chake.

Setilaiti huguswa na mambo haya kwa njia mbili zinazofaa kutenganishwa: moja ni joto la hewa ya juu, nyingine ni chaji za umeme zilizomo katika hewa hiyo.

Tuanze na joto. Wengi tumefundishwa kwamba hewa huisha kilomita chache juu ya mawingu, lakini haiishi. Katika kimo cha kilomita 400, ambako kituo cha kimataifa cha anga huizunguka dunia, bado kuna hewa nyembamba sana, na kituo hicho hushuka karibu kilomita mbili kwa mwezi kwa kusuguana nayo, kiasi kwamba injini zake huwashwa mara kwa mara ili kukirudisha juu. Hewa hiyo hunyonya miale mikali ya jua, na joto lake hupita nyuzi 1,000 bila shida wakati wa kilele cha madoa. Ikipashwa joto hutanuka kwenda juu, na setilaiti iliyokuwa ikipita katika hewa nyembamba hujikuta inapita katika hewa nzito zaidi. Kati ya miaka ya utulivu wa jua na miaka ya kilele chake, uzito wa hewa katika kimo hicho huweza kubadilika mara kumi.

Maabara ya anga ya Skylab, iliyorushwa mwaka 1973, ilitarajiwa kubaki juu mpaka vyombo vipya vya Marekani viwe tayari kuisukuma. Jua likachangamka kuliko ilivyokadiriwa, nayo ikaanguka tarehe 11 Julai 1979, vipande vyake vikatawanyika magharibi ya Australia. Kisa cha Februari 2022 kinafundisha zaidi, kwa sababu dhoruba yake ilikuwa ndogo, ya daraja la kwanza. Kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink tarehe 3 na kuziacha kwanza katika kimo cha chini, kilomita 210 hivi, ili zipande zenyewe taratibu. Siku iliyofuata ukinzani wa hewa uliongezeka hadi asilimia 50 juu ya ule wa safari zilizotangulia, na setilaiti 38 zilirudi chini na kuungua. Dhoruba ndogo haiidhuru setilaiti iliyoko juu, lakini kwa ile inayopita mahali penye hewa nzito tayari, ongezeko dogo hutosha.

Elimu hii ya uzito wa hewa ya juu ina sehemu ya historia yake katika pwani yetu, na nadhani inastahili kufahamika zaidi kuliko inavyofahamika. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2, ambayo ilizunguka juu ya ukanda wa ikweta. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima hewa inayoisugua. Ilikuwa na ganda jepesi la nje lililounganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono yenye kunepa, na kila hewa ilipolisukuma ganda, mikono ile ilipima lilivyosogea. Setilaiti nyingine za mfululizo huo zilirushwa kutoka hapohapo mwaka 1971, 1974 na 1988. Unguja nayo ilikuwa na nafasi yake katika miaka hiyo: John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Marekani kilichokuwa hapa Unguja kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye akipita juu. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Njia ya pili, ile ya chaji, ndiyo inayotuhusu zaidi. Kuanzia kimo cha kilomita 80 hivi kwenda juu, miale ya jua hung'oa elektroni kutoka katika chembe za hewa na kulifanya tabaka hilo kuwa na umeme. Tabaka hilo huitwa ayonosfia. Waliowahi kusikiliza redio ya masafa mafupi wamelitumia bila kuliona: mawimbi ya kilohezi 11,735 yaliyokuwa yakirushwa na mitambo ya Dole, Unguja, yalisikika katika nchi za mbali kwa sababu yalipanda, yakarudishwa chini na ayonosfia, yakapanda tena. Mawimbi ya setilaiti za GPS yana masafa ya juu zaidi, kwa hiyo hupenya, ila hayapenyi bila gharama. Elektroni huyachelewesha, na kwa kuwa simu hupima umbali wake kutoka kwenye setilaiti kwa kuhesabu muda ambao wimbi limetumia, ucheleweshaji huo husomeka kama umbali ulioongezeka. Wataalamu huhesabu elektroni zilizomo katika nguzo ya hewa yenye eneo la mita moja ya mraba kuanzia ardhini hadi kwenye setilaiti. Kila kipimo kimoja, ambacho ni elektroni bilioni milioni 10, huongeza sentimita 16 katika umbali huo. Mchana wa miaka ya kilele cha jua, vipimo 100 si jambo la kushangaza katika maeneo kama yetu, nayo ni mita 16 za kosa kwa setilaiti iliyo utosini, na zaidi kwa iliyo karibu na upeo wa macho. Setilaiti zenyewe hutuma masahihisho ya kukadiria ambayo huondoa takriban nusu ya kosa hilo.

Nimesema maeneo kama yetu, na hapa inabidi tuitazame ramani nyingine. Ikweta tunayoijua hupita Kenya na Uganda, lakini ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao juu yake sindano ya sumaku iliyoachwa huru hulala sawasawa bila kuinamia kaskazini wala kusini, katika upande wetu wa Afrika hupita karibu na Addis Ababa. Wakati wa mchana, uga wa umeme unaoelekea mashariki hukutana na uga wa sumaku uliolala kaskazini-kusini juu ya Ethiopia, na kwa pamoja huinua plazima juu, mamia ya kilomita. Ikishafika huko, plazima haiwezi kuanguka wima, kwa sababu chembe zenye chaji hufuata mistari ya sumaku; huteremka kwa kuifuata mistari hiyo pande zote mbili na kurundikana katika kanda mbili, moja kaskazini na moja kusini, kila moja kwa umbali wa takriban nyuzi 15 kutoka ikweta ya sumaku. Mwanafizikia Mwingereza Sir Edward Appleton aliyaeleza marundo hayo mwaka 1946. Sasa, Addis Ababa iko nyuzi 9 kaskazini, na mji wa Zanzibar nyuzi 6 na kidogo kusini. Tofauti yake ni nyuzi 15. Tumekaa chini ya rundo la kusini, ambako elektroni ni nyingi kuliko hata kwenye ikweta yenyewe, na mstari wa sumaku unaopita katika ayonosfia iliyo juu ya Unguja huinuka mpaka karibu kilomita 800 juu ya Ethiopia na kuteremka upande wa pili katika sehemu za Hijazi.

Kosa la mchana, kwa ukubwa wake wote, ni tulivu. Hubadilika polepole na kipokezi kizuri huweza kulipima na kuliondoa. Machweo huleta kitu kingine. Jua likizama, sehemu ya chini ya ayonosfia hupoteza chaji zake haraka, huku sehemu ya juu ikibaki nazo, na katika muda huohuo uga wa umeme huongezeka ghafla na kulisukuma tabaka zima juu zaidi, kabla ya kugeuka. Hapo plazima nzito huwa imekaa juu ya iliyo nyepesi, na mpangilio huo haudumu: kama mafuta ya nazi yaliyomiminiwa chini ya maji yanavyopenya na kupanda kwa matone, ndivyo plazima nyepesi ya chini inavyopanda kwa mapovu makubwa, yenye upana wa makumi ya kilomita na hata zaidi ya mia moja, yakivutika kwa urefu kufuata mistari ya sumaku na kusogea kuelekea mashariki. Povu likipanda mpaka kilomita 800 juu ya Ethiopia, ncha yake ya kusini hutufikia. Povu linalotuvurugia mawimbi hapa huwa limezaliwa huko.

Ndani na pembeni mwa mapovu hayo kuna vipande vidogovidogo vya plazima, vingine vyenye urefu wa mamia machache ya mita, na wimbi la setilaiti likipita humo hupindapinda na nguvu zake hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde chache, kwa namna ileile ambayo nyota humeremeta kwa sababu ya hewa ya chini. Kipokezi huweza kuipoteza setilaiti kabisa. Kwa kuwa mawimbi huvurugika zaidi pale plazima ilipo nzito, mapovu yanayofika katika marundo mawili ya Appleton hufanya madhara makubwa kuliko yanayobaki kwenye ikweta ya sumaku. Saa zake ni kuanzia saa moja na nusu au saa mbili usiku mpaka karibu na usiku wa manane. Msimu wake ni miezi ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, wakati mstari wa machweo unapolingana vizuri na mistari ya sumaku. Mabaharia wetu watauona kuwa unakaribiana na tanga mbili, pale kaskazi inapoagana na kusi na kusi na kaskazi. Kulingana huko ni kwa kalenda tu, kwani pepo za bahari hazina nguvu ya kuyaumba mapovu hayo, lakini ni alama nzuri ya kukumbukia.

Dhoruba kubwa hufanya nini juu ya haya yote? Jibu si jepesi. Uga wa umeme unaotoka katika maeneo ya ncha huweza kupenya mpaka kwetu ndani ya dakika chache. Ukifika wakati wa machweo huinua ayonosfia na kuyazidisha mapovu, na wakati mwingine huyaleta katika miezi isiyo yake. Saa kadhaa baadaye, pepo za hewa iliyopashwa joto huko kwenye ncha huzalisha uga ulioelekea kinyume, na usiku unaofuata huweza kuwa mtulivu kuliko kawaida. Kwa hiyo dhoruba iliyotangazwa si lazima iwe usiku mbaya Zanzibar, na usiku mbaya Zanzibar hauhitaji dhoruba. Ndiyo maana naona kwamba tahadhari zinazoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, tukizisambaza hapa kama zilivyo, zitatupotosha mara nyingi.

Kuhusu madhara yenyewe, haifai kutishana. Miale hii haimdhuru mtu aliye ardhini. Mikondo ya umeme inayoingia katika gridi, kama ile iliyouzima mkoa wa Quebec nchini Canada kwa saa tisa Machi 1989, ni midogo katika latitudo zetu, na umeme wa Unguja ukikatika ni vyema kutafuta sababu karibu. Mvuvi wa dagaa aliyetoka na kipokezi chake usiku hatapotea kwa kosa la mita 20, ingawa akiona chombo chake kimekosa mahali kwa dakika kadhaa, afahamu kwamba huenda hakijaharibika. Mambo huwa mazito pale usahihi wa sentimita unapohitajika, au pale usalama unapotegemea wimbi lisilokatika. Katika dhoruba ya Mei 2024, wakulima wa Marekani waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda walisimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS. Hapa kwetu, kazi ya namna hiyo ni upimaji wa ardhi. Tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi imepiga picha visiwa hivi kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na mipaka ya viwanja, barabara na fukwe inazidi kupimwa kwa setilaiti. Vipokezi vya kazi hizo hutumia masafa mawili, na kwa kuwa masafa tofauti hucheleweshwa kwa kiasi tofauti, hulipima kosa la mchana na kuliondoa. Wimbi likimeremeta kwa nguvu, mbinu hiyo hushindwa. Anayepima eneo muhimu katika miezi ya tanga mbili afanye kazi asubuhi. Usafiri wa ndege nao unahusika: India, ambayo pia imekaliwa na rundo la Appleton, ilipojenga mfumo wake wa kuongoza ndege kwa setilaiti uitwao GAGAN, ililazimika kutengeneza kielelezo chake yenyewe cha kukadiria hali ya ayonosfia, kwa sababu vile vilivyotengenezwa kwa anga tulivu za latitudo za kati havikufaa.

Kielelezo cha namna hiyo hujengwa kwa vipimo vya mahali husika. Kwa anga yetu, vipo vya kuanzia. Malindi ina kituo cha kudumu cha kupokea mawimbi ya GPS kilichomo katika mtandao wa kimataifa, na Hermanus, Afrika Kusini, tangu mwaka 2022 ina kituo kinachofuatilia hali ya anga za juu saa 24. Setilaiti sita za COSMIC-2, zilizorushwa Juni 2019 na Marekani kwa ushirikiano na Taiwan, huzunguka karibu na ikweta na kupima elektroni kwa kutazama jinsi mawimbi ya GPS yanavyopinda yakipita pembeni mwa dunia. Hata hivyo setilaiti huona kipande na kupita. Povu linalopita juu ya Mkoani, Pemba, kati ya saa mbili na saa nne usiku hufuatiliwa vyema na kipokezi kilichokaa Mkoani usiku kucha, mwaka baada ya mwaka.

Kipokezi cha masafa mawili kinachotumika kupima viwanja ndicho hichohicho kinachohitajika kwa utafiti huu. Anachokitupa mpima ardhi baada ya kupata mpaka wake, yaani ucheleweshaji uliosahihishwa na sekunde ambazo wimbi lilipotea, ndicho mtafiti wa ayonosfia anachokitafuta. Ningependa kuona kumbukumbu ghafi za upimaji wa Unguja na Pemba zikihifadhiwa badala ya kufutwa, vipokezi viwili au vitatu vikiachwa vimewashwa usiku katika majengo ya serikali au ya skuli, na wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakipewa takwimu hizo wazilinganishe na za Malindi. Swali la kwanza wanaloweza kulijibu ni hili: katika usiku wa Machi, povu lililozaliwa juu ya Ethiopia huvifikia visiwa hivi mara ngapi, na linapofika, ni setilaiti ngapi zinazotoweka kwa pamoja?